Kukamua sumu kutoka kwenye sponji na katriji: njia ipi inafaa Malindi?

Mvua za masika zikianza, simama juu ya daraja la Sabaki uangalie chini. Mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa, na siku chache baadaye ghuba ya Malindi nayo imeifuata rangi hiyo. Maji hayo yametoka mbali. Athi huanzia nyanda za juu jirani na Nairobi, hupokea mitaro ya jiji, hukutana na Tsavo na kuitwa Galana, na ukifika kwetu ni Sabaki. Mafuta ya gari, dawa za shambani, masizi ya barabarani, chochote kilichomwagwa huko juu kina njia ya kufika baharini.

Sisi tunaopima sumu hizo mara nyingi hatusafirishi maji wala hewa hadi maabara. Tunasafirisha kile kilichozinasa. Maji tunayavuta lita moja moja kupitia katriji, kibomba kidogo cha plastiki chenye unga wa silika uliovishwa minyororo ya kaboni, unaoitwa C18. Hewani tunaning'iniza duara la sponji, upana sentimita 14 na unene sentimita 1.35, ndani ya bakuli mbili za chuma zilizofunikiana. Sponji hilo hukaa miezi mitatu hivi, likipitiwa na hewa ya mita 3 hadi 4 za ujazo kwa siku. Ukilishusha ni sponji lile lile, pengine limeiva rangi kidogo. Sumu iliyomo hupimwa kwa nanogramu, sehemu za bilioni za gramu.

Sasa itatokaje? Hapo ndipo vijana wanaoanza kazi hii huniuliza kila msimu: tutumie Soxhlet (kifaa cha kioo kinachokamua kwa kuchemsha usiku kucha), mashine ya shinikizo, maikrowevu, au tumwagie tu kiyeyushi, kimiminiko cha kuyeyusha sumu, tukamue? Jibu langu nalitoa mapema ili anayetaka kwenda zake aende nalo. Kwa katriji za maji, kamua papo hapo Malindi. Hakuna sababu ya kungoja. Kwa sponji, tumia Soxhlet ikiwa una umeme wa saa 18 na maji baridi ya kweli. Ukikosa kimoja kati ya hivyo viwili, lifunge sponji, ligandishe, ulipeleke kwenye maabara yenye mashine ya shinikizo. Jambo baya kuliko yote ni kuanza Soxhlet usiyoweza kuimaliza. Yaliyobaki hapa chini ni sababu zangu.

Kwanza ujue nani ameshika

Kila mtu wa Pwani amekamua nazi. Ukishakuna, unatia maji kidogo, unakamua kwenye kifumbu, unapata tui zito. Unatia maji tena, unapata tui jepesi. Ukitia maji yote kwa mara moja hupati tui la maana, na chicha inabaki na mafuta yake. Kutoa sumu kwenye kinasio, yaani kile kilichoinasa, ni kazi ya aina hiyo hiyo: kiyeyushi kidogo mara nyingi hushinda kiyeyushi kingi mara moja, kwa sababu kila awamu mpya inakuja mikono mitupu na inaweza kubeba.

Lakini nazi ni nazi. Vinasio vyetu havishiki kwa nguvu moja. Sponji la poliurethani, ndugu yake sponji la godoro, hushika kwa ulaini. Linaachilia haraka, na ndiyo maana molekuli nyepesi kama naftalini hazitulii humo, zinakuja na kwenda na joto la mchana. XAD-2 ni punje za rezini zenye vinyweleo vingi. Hushika zaidi, huzuia hata hizo nyepesi, na huhitaji kiyeyushi kikali kama diklorometheni. C18 hushika kwa upendo wa mafuta kwa mafuta, na matone machache ya kiyeyushi sahihi huiachanisha. Mkaa ulioamilishwa ndio wenye roho ngumu. Molekuli bapa kama dioksini, sumu ya klorini itokayo kwenye uchomaji wa taka, hulala juu ya kaboni kama karatasi juu ya karatasi, na kuziondoa kunataka tolueni, tena nyingi, mara nyingi ikipitishwa kinyume cha njia zilizoingilia.

Kwa hiyo mtu akiniuliza njia bora bila kuniambia kinasio chake na sumu anayoitafuta, siwezi kumjibu. Njia inayotosha kwa sponji itaacha nusu ya dioksini kwenye mkaa, na namba ndogo utakayopata itaonekana kama habari njema ya hewa safi.

Soxhlet, na vita vya maji baridi

Franz von Soxhlet, mkemia Mjerumani, alieleza kifaa hiki mwaka 1879 akishughulika na mafuta ya maziwa. Hadi leo njia nyingine zote hupimwa dhidi yake. Chini kuna chupa ya duara yenye kiyeyushi juu ya jiko la umeme. Katikati kuna chumba cha kioo ambamo sponji hukaa. Juu kuna kondensa inayopitiwa na maji baridi. Kiyeyushi huchemka, mvuke hupanda kwa mrija wa pembeni, hugonga kondensa, hudondoka juu ya sponji. Chumba kikijaa hadi kiwango fulani, mrija mwembamba hukinyonya chote kwa mpigo na kukirudisha chini pamoja na sumu kilizobeba. Kisha kinaanza kujaa tena. Uzuri wake ni kwamba sumu hubaki chini kwenye chupa, na kinachopanda ni kiyeyushi kisafi kila mara. Ni tui jipya mara hamsini, mara mia, bila mkono wa mtu.

Mwongozo wa shirika la mazingira la Marekani, EPA, uitwao TO-13A, kwa hidrokaboni za pete nyingi (sumu za moshi na masizi, naftalini ikiwemo) zilizonaswa kwenye sponji la pampu kubwa, unataka saa 18, angalau mizunguko 3 kwa saa, na kama mililita 700 za heksani yenye asilimia 10 ya etha. Kwa XAD-2 unataka diklorometheni. Mwongozo mwingine wa shirika hilo, 3540C, ulioandikwa kwa udongo na takataka, unataka saa 16 hadi 24 kwa mizunguko 4 hadi 6 kila saa na mililita 300.

Soma namba hizo ukiwa Malindi, si ukiwa Ulaya. Etha huchemka nyuzi 34.6. Diklorometheni huchemka karibu nyuzi 40. Chumba chetu mwezi wa Machi, kaskazi ikikaribia kuisha na upepo umekufa, kinafika nyuzi 32. Maji ya tangi jeusi juu ya paa saa nane mchana huwezi kuyaita baridi. Yanaunguza kidogo mkono. Ukiyapitisha kwenye kondensa, mvuke wa etha hauoni sababu ya kugeuka kuwa tone. Unapita juu na kuingia chumbani. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa mezani na sakafuni, na cheche moja ya swichi inatosha.

Nilijifunza hili kwa hasara. Usiku mmoja, saa ya 11 ya kukamua, umeme ulikatika. Nilidhani hakuna ubaya: moto umezima, maji yamezima, tutaendelea ukirudi. Kumbe jiko la umeme halipoi papo hapo, lakini pampu ya maji inakufa papo hapo. Kwa dakika kumi kiyeyushi kiliendelea kuchemka huku kondensa ikipata joto. Niliporudi na tochi chumba kilinuka, kiwango kwenye chupa kilikuwa kimeshuka vidole viwili, na sponji lilikuwa limekauka upande wa juu. Sampuli ya miezi mitatu.

Tangu hapo kondensa yangu hailishwi na pampu moja kwa moja. Nina pipa juu ya rafu lenye maji na barafu. Maji hushuka yenyewe kwa mpira hadi kwenye kondensa, kisha huangukia ndoo chini, na pampu ndogo huyarudisha juu. Umeme ukikatika, pipa linaendelea kushuka kwa muda wa kutosha jiko kupoa. Barafu nainunua kwa wauza samaki. Mzee wa pale ameshanizoea.

"Shikamoo ami. Ndoo mbili leo."

"Marahaba mwanangu. Ya kunywa ama ya samaki?"

"Ya samaki, ami. Haiingii kinywani."

Barafu ya samaki ni rahisi zaidi na inafaa kabisa, kwa sababu haigusi sampuli. Maji ya pipa ndiyo ya kuangaliwa. Ya kisima yana chumvi na chokaa, huacha ukoko mweupe ndani ya kondensa, na ukoko huo huzuia baridi. Tia ya mvua, yale yale yarudi na kuzunguka.

La pili: acha etha. Mchanganyiko wa heksani na asetoni, nusu kwa nusu, huchemka karibu nyuzi 50, na hizo nyuzi 15 za ziada ndizo zinazompa mtu wa Pwani usingizi. Hubeba hidrokaboni za pete nyingi, PCB (kemikali za klorini za mafuta ya transfoma za zamani) na dawa za wadudu za klorini bila shida kwenye sponji. Sponji litavimba, lipe nafasi kwenye chumba, usilishindilie.

La tatu: hesabu mizunguko, si saa. Saa 18 za Soxhlet inayonyonya mara moja kwa saa si saa 18. Mimi hukaa nayo saa ya kwanza na kalamu, naandika kila ikinyonya. Ikiwa chini ya 3, naongeza moto au naongeza barafu, kutegemea ni kipi kinachochelewesha.

Ubora wa Soxhlet uko hapa: kioo chake hutengenezwa na mafundi wengi, hakina kompyuta ya kuharibika, na haichagui sana kinasio. Sponji, XAD-2, karatasi ya chujio, hata mkaa kwa tolueni, vyote humo. Gharama yake ni muda, barafu na kiyeyushi.

Mashine ya shinikizo

Njia hii iliingia sokoni mwaka 1995, na EPA ikaiandikia mwongozo wake, 3545. Sampuli hufungwa ndani ya silinda nene ya chuma, hujazwa kiyeyushi, hupashwa hadi nyuzi 100 chini ya shinikizo la zaidi ya mara 100 ya hewa tuliyomo. Shinikizo hilo halikamui chochote kama mkono unavyokamua. Kazi yake ni kuzuia kiyeyushi kisichemke. Kiyeyushi cha moto kisichochemka hupenya vinyweleo haraka na kuachanisha molekuli na kinasio kwa dakika, badala ya saa. Kukaa dakika 5, kusukumwa, kusafishwa kwa gesi ya nitrojeni, basi. Sampuli moja chini ya dakika 20, kiyeyushi mililita 15 hadi 40 kwa silinda ndogo.

Weka hizo kando ya mililita 300 na saa 18, na utaona kwa nini maabara kubwa zimehamia huko. Kwa Malindi kuna faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji: umeme ukikatika unapoteza dakika 20, si usiku mzima. Haihitaji barafu wala maji.

Lakini sponji ndani yake ni mgeni mwenye masharti. Poliurethani ikipashwa nyuzi 100 ndani ya diklorometheni huanza kuachia vipande vyake yenyewe, na vipande hivyo huenda na sampuli hadi kwenye kromatografu, mashine inayotenganisha sumu moja moja na kuzichora kama vilele, vikichafua safu yake na kufunika vilele vya unachotafuta. Mtu akikuambia mashine ya shinikizo imempa "mafuta ya manjano" kutoka sponji safi, ndiyo hayo. Dawa yake ni kulisafisha sponji kwa mashine ile ile na kiyeyushi kile kile kabla ya kulitundika, na kutumia heksani na asetoni badala ya diklorometheni. XAD-2 nayo huja kutoka kiwandani na naftalini na mabaki ya utengenezaji. Isipooshwa vizuri utaripoti uchafu wa kiwanda kama hewa ya Malindi.

Halafu kuna bei, mihuri ya mpira inayochakaa, fundi anayepaswa kutoka mbali, na mtungi wa nitrojeni unaobebwa kutoka Mombasa, kilomita 120 hivi. Kwa sponji sita kwa msimu sioni sababu ya mtu wa huku kuinunua. Kuitumia ya wenzako, ndiyo. Sponji lililofungwa kwa karatasi ya foili iliyochomwa, likatiwa kwenye mkebe usiopitisha hewa na kugandishwa, husafiri bila neno. Lifiche na mwanga, kwa sababu jua huvunja hidrokaboni hizi.

Zile ninazozipita haraka

Maikrowevu hufanana na mashine ya shinikizo: chombo kilichofungwa, nyuzi 100 hadi 115, dakika 10 hadi 20, kiyeyushi mililita 25 hadi 30. Tofauti ni kwamba heksani pekee haipati joto, mawimbi huipita kama haipo, hivyo lazima asetoni iwepo. Kisha unangoja chombo kipoe kabla ya kukifungua, na unachuja mwenyewe. Inafaa kwa udongo na matope zaidi ya sponji. Naomba hili lisomwe kwa makini: maikrowevu ya jikoni haifai kabisa, hata kwa majaribio. Haina kinga dhidi ya mvuke wa asetoni na heksani, na cheche yake ni ya kweli.

Beseni la mawimbi ya sauti ndilo ambalo shule nyingi huwa nalo tayari. Mara tatu, dakika chache kila mara, kiyeyushi kipya kila awamu. Kwa sponji hutoa vizuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu sponji halishiki kwa nguvu. Kwa XAD-2 na mkaa silipendekezi. Maji ya beseni hupata joto kadiri unavyoendelea. Tia barafu humo pia.

Kaboni dioksidi iliyobanwa nayo ina wapenzi wake. Ikipita nyuzi 31.1 na shinikizo la angahewa 73 hivi, inakuwa kitu kati ya gesi na kimiminiko, inapenya kama gesi na kuyeyusha kama kimiminiko, kisha inaondoka yenyewe bila kuacha taka. Fikra nzuri sana. Lakini inachagua mno, kila kinasio kinataka kupimwa upya. Sitamshauri mtu aanze nayo.

Na kama unatafuta benzini na mivuke mingine ya petroli, kwa mfano karibu na vituo vya mafuta au injini za mashua, haya yote hayakuhusu. Tumia mirija ya Tenax, punje za kunasia mivuke, na uipashe moto moja kwa moja hadi kwenye kromatografu, bila kiyeyushi. Kasoro yake ni kuwa sampuli nzima huingia mara moja. Ukikosea, hakuna ya akiba.

Katriji za Sabaki: rahisi kukamua, rahisi kudanganyika

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kukamua kwenyewe ni kazi ya dakika chache na watu hukosea kabla yake.

Katriji ya C18 huamshwa kwa methanoli, kisha maji safi, na isiachwe ikauke kabla ya sampuli kupita, maana minyororo ya kaboni hulala na maji hupita pembeni yake. Baada ya lita moja kupita, kama ulichota mdomoni mwa mto ambako maji ni ya chumvi, pitisha maji safi kidogo kuondoa chumvi. Kisha ikaushe kwa pampu dakika 20 au 30. Hewa yetu ya bahari ina unyevu mwingi. Nimeona katriji iliyokaushwa dakika 10 ikitoa tone la maji chini ya kiyeyushi, na maji hayo huharibu yanayofuata. Tia bomba la salfeti ya sodiamu kavu chini yake, limeze yaliyobaki.

Kukamua sasa: mililita chache za asetati ya ethili, acha ilowe dakika moja au mbili, idondoke pole pole. Rudia. Malizia na diklorometheni. Jumla mililita 10 hadi 15. Hakuna umeme isipokuwa wa pampu, hakuna barafu, hakuna usiku wa kukesha. Dhidi ya Soxhlet, hapa hakuna mashindano.

Tatizo ni tope. Maji ya Sabaki wakati wa masika huziba katriji kabla ya robo lita. Kila mtu basi huyachuja kwanza kwa karatasi ya nyuzi za kioo, na wengi huitupa karatasi. Karatasi ile ndiyo yenye habari. Sumu zenye pete tano, kama benzo(a)pyrene ambayo imethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, hazipendi maji. Hupanda tope na kusafiri nalo. Ukipima yaliyopita kwenye katriji tu, utapata mto karibu msafi huku tope likiingia baharini na mzigo wake, mbele ya hifadhi ya matumbawe iliyotengwa tangu 1968. Karatasi ya chujio ikaushwe, ifungwe kwa foili, na ipelekwe kwenye Soxhlet pamoja na sponji. Hivyo hata mtu wa maji hakwepi Soxhlet. Anaipunguzia tu kazi.

Utajuaje kuwa imetoka?

Njia yoyote uliyochagua, tia alama kabla ya kukamua. Wanakemia hutumia fenanthreni ambayo hidrojeni zake 10 zimebadilishwa kuwa deuteri, yaani hidrojeni nzito, au PCB zilizotengenezwa kwa kaboni-13, aina nzito ya kaboni. Vitu hivyo haviko hewani Malindi. Unadondosha kiasi unachokijua juu ya sponji, unakamua, unaangalia kimerudi kiasi gani. TO-13A inakubali asilimia 60 hadi 120. Ikirudi 35, si kosa la hewa, ni kosa la kondensa yako, au ulikausha kiyeyushi hadi mwisho chini ya nitrojeni. Kamwe usikaushe hadi chini. Zile nyepesi huondoka na tone la mwisho.

Kisha kamua chicha. Chukua sponji lile lile, lirudishe kwenye Soxhlet na kiyeyushi kipya, upime tena peke yake. Kazi hii huifanya mara moja tu mwanzoni mwa msimu, na ndiyo iliyonionyesha kuwa mizunguko 54 yatosha kwa sponji letu na haitoshi kwa karatasi zenye tope zito.

Na sponji tupu, lisilotundikwa, lisafiri na wenzake kila hatua. Nakumbuka matokeo yaliyorudi na naftalini ya kutisha. Tulitafuta chanzo cha moshi wiki mbili. Sponji tupu nalo lilikuwa nayo, kiasi kile kile. Kabati tulimoyaweka ndimo mtu alimotia vidonge vya nondo. Msimu mwingine zilizopanda ni zile za pete nne na tano, na sponji tupu lilikuwa safi, kwa hiyo zilikuwa za hewani kweli. Nikapanda juu ya paa jioni ya Alhamisi nikakuta chetezo cha udi na ubani kikifuka chini ya bakuli letu. Mama mwenye nyumba alisikitika kuliko mimi. Tulihamisha bakuli, udi ukabaki pale ulipokuwa.

Mkataba wa Stockholm, uliokubaliwa 2001 na kuanza kutumika 2004, ambao Kenya ni mwanachama wake tangu mwaka huo huo, unataka vipimo vya sumu kama PCB na dioksini vinavyoweza kulinganishwa kati ya nchi na nchi. Namba ya Malindi italinganishwa na ya mahali pengine iliyokamuliwa kwa mashine nyingine kabisa. Bila asilimia ya alama kando yake, haiwezi kukaa mezani na nyingine.

Dumu la taka

Kigezo changu cha mwisho hakimo kwenye miongozo ya kukamua, nami naanza kukipa uzito zaidi kila mwaka. Sponji sita za msimu, na mbili tupu, kwa Soxhlet ya mililita 300 ni lita 2.4 za heksani na asetoni. Kwa mashine ya shinikizo, mililita 40 kila moja, ni mililita 320. Mji wetu umekaa juu ya jiwe la matumbawe la kale, lenye matundu, na watu wanachota visima humo humo. Kinachomwagwa kwenye sinki au mchangani kina safari fupi hadi kwenye ndoo ya mtu. Kwa hiyo kila tone langu linaingia kwenye dumu la kioo lenye jina na tarehe, kivulini, hadi lipate gari la kwenda kunakochomwa ipasavyo.

Ndiyo sababu msimu huu wa kusi nimegawa hivi: katriji zote nazikamua hapa. Karatasi za tope na sponji tupu moja zinaingia Soxhlet usiku, na barafu ya ami. Sponji sita za hewani, na tupu la pili, zimegandishwa zikingoja nafasi kwenye mashine ya wenzetu, kila moja ikiwa na alama yake imeshadondoshwa. Mwezi uliopita dumu lilikuwa limejaa nusu. Sitaki lijae kabla ya Desemba.